Medali Ilikwenda kwa Kijana wa Slaidi

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikalizunguka kama nilivyolizunguka miaka yote hii. Mwaka 2016, nikiwa sajenti katika ofisi ya utumishi ya batalioni moja ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, nilijaza fomu ya kumpendekeza askari wangu apewe medali kwa kazi bora ya utumishi. Kazi niliyoieleza ilikuwa imefanyika kweli, tena vizuri kuliko nilivyoweza kuieleza. Aliyeifanya hakuwa yule niliyeandika jina lake. Nilikuwa najua hivyo kalamu ikiwa mkononi, na nilisaini.

Batalioni siitaji, wala kambi, wala majina ya wale wawili. Jeshi halikunituma kufanya nilichofanya. Kanuni zake za medali zimeandikwa wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine namna ya kuzisoma.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, wa Igogo, kule ambako nyumba zimeparamia mawe. Marekani nilikwenda kusoma. Mwaka 2009 jeshi lao lilianzisha mpango ulioitwa MAVNI, uliowaruhusu wageni waliokuwa nchini kihalali, hata wasio na ukaazi wa kudumu, kujiunga endapo walikuwa wataalamu wa tiba au walijua lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwamo. Wakenya waliingia kwa wingi, na sisi Watanzania tukapenya nyuma yao. Niliingia 2013. Nikapimwa Kiswahili, mtihani pekee maishani ambao sikuukeshea, nikapelekwa Fort Jackson, South Carolina, na mafunzo ya awali yalipokwisha nikala kiapo cha uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ile nilipata nchi na kupoteza nchi kwa pumzi moja. Hilo lina maungamo yake, leo tuliache.

Namba ya fani yangu ilikuwa 42A, mtaalamu wa rasilimali watu. Nilipompigia simu kaka yangu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimevuka bahari yote ile kwenda kuwa karani. Ndiyo, kaka, karani. Katika batalioni ofisi hiyo huitwa S-1, na hakuna jambo la askari lisilopita mezani pake: kuripoti, likizo, kupanda cheo, tathmini ya mwaka, ndoa, mtoto aliyezaliwa, medali, na kifo.

Kikosi cha makarani hawa kina umri sawa na jeshi lenyewe. Kinahesabu kuzaliwa kwake tarehe 16 Juni 1775, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Horatio Gates. Hata leo chama cha kikosi hicho hutoa medali yenye jina lake, ya shaba na ya dhahabu, kwa waliofanya makubwa katika utumishi. Tulipokuwa wanafunzi tulikaririshwa habari zake. Lakini fungua kitabu chochote cha historia umtafute Gates: utamkuta Saratoga, 1777, akipokea silaha za Waingereza walioshindwa, na utamkuta Camden, 1780, akikimbia baada ya kushindwa yeye. (Camden si mbali na Fort Jackson, wakufunzi wetu hawakuwa na haraka ya kutupeleka.) Miezi aliyokaa mezani akipanga orodha za wanamgambo ambao hata idadi yao haikujulikana inapewa sentensi moja. Hata mtu ambaye medali ya makarani ina jina lake anakumbukwa kwa bunduki.

Sasa wale wawili. Wote walikuwa na cheo kimoja, speshalisti, ngazi moja chini yangu. Sajenti mkubwa wa ofisi alikuwa amehamishwa na nafasi yake haikujazwa kwa miezi, basi nikawa nakaimu.

Kijana alikuwa na ulimi na alikuwa na slaidi. Kila wiki kamanda wa batalioni, luteni kanali, aliketi na wakuu wa ofisi zote, na kila ofisi ilipeleka takwimu zake ukutani. Za kwetu zilikuwa tathmini zilizochelewa, medali zilizokwama, askari wasioweza kusafiri kwa sababu za afya. Kijani ni salama, manjano ni angalia, nyekundu ni jiandae kujieleza. Kijana alizipanga slaidi zile zikapendeza kama kanga mpya. Kamanda akiuliza swali, jibu lilitoka kabla swali halijaisha. Sikatai, alikuwa hodari. Mkutano wa S-1 yetu ulikuwa wa dakika nne, na wenzetu wa vifaa walikuwa wakitoka jasho nusu saa.

Binti alikuwa na tabia moja tu: alikuwa anasoma fomu. Unaweza kucheka, lakini wanaosoma fomu ni wachache mno katika ofisi za fomu. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia kama kuna saini na tarehe. Yeye alisoma kilichoandikwa kisha akamtazama mtu aliyesimama mbele yake, akijiuliza kama hivyo viwili vinafanana. Kwa sababu hiyo meza yake ilikuwa na foleni siku zote, na kwa sababu hiyo mimi nilimwona mzito.

Siku moja akaniita. "Sajenti, una dakika mbili?" Mkononi alikuwa na hati yangu mwenyewe, ile tuliyoiita DD 93, inayosema askari akifa au akijeruhiwa nani aambiwe, na wapi. Kwenye anwani ya mama nilikuwa nimeandika sanduku la posta, Mwanza, Tanzania.

"Hili ni sanduku la posta," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu akitumwa kwa mama yako, atabisha sanduku?"

Nilihisi damu imepanda masikioni. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba kwetu barua haziletwi mlangoni, kwamba sanduku lile ni la shule aliyofundisha mama na limetumika tangu sijazaliwa, kwamba ubalozi utajua la kufanya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuza karatasi, akanipa penseli. "Nichoree njia."

Nikachora. Barabara kuu, kituo cha mafuta, kanisa, ngazi za mawe, mwembe, nyumba yenye bati jekundu. Akauliza mama anaitwaje. Nikataja jina la kwenye pasipoti. Akauliza: "Majirani wanamwita hivyo?" Hapo nilikwama, kwa sababu hakuna mtu Igogo anayelijua jina lile. Mama anaitwa kwa jina la dada yangu mkubwa, Mama Fulani, kama wanawake wote wa mtaa, na mgeni akipita akiulizia jina la pasipoti mtaa mzima utatikisa kichwa. Binti wa Kimarekani, ambaye hajawahi kuvuka bahari, alikuwa ameliona hilo bila kuambiwa. Akaandika yote kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada, neno kwa neno, mwembe na bati jekundu, akanipa nisaini.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilitoka pale nimeudhika. Nilisikia dharau ambayo haikuwapo, kana kwamba ameniuliza kama kwetu tuna nyumba. Zaidi ya hapo, mimi ndiye mkubwa wa ofisi, mwalimu wa fomu, na fomu mbovu kuliko zote ilikuwa yangu. Nikaliweka moyoni. Mengi ninayoyasimulia chini yana sababu nyingi za kiofisi, na nilizitumia zote wakati ule kujitetea, lakini chanzo ni hicho. Nilikuwa na kinyongo na mtu aliyenifanyia kazi yake sawasawa.

Na mtu wa Mwanza alikuwa na haki ndogo kuliko wote ya kuudhika. Sisi tumelelewa na kile kisa cha 1964. Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa malimbikizo askari Waafrika waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, katika Vita Kuu ya Kwanza, mhasibu wao alikuja kufungua dirisha la malipo mjini Mwanza. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee kama 350, na wenye vyeti vyao vya 1918 walikuwa wa kuhesabu kwenye vidole. Wengine walileta vipande vya sare. Wengine hawakuwa na kitu. Mhasibu akapata wazo: kila mzee anapewa fagio badala ya bunduki, anaamrishwa kwa Kijerumani, bega silaha, shusha silaha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na nimekicheka tangu utoto. Baada ya miaka kadhaa S-1 nilianza kukisikia vingine. Wazee wenye miaka sabini na zaidi wanacheza gwaride na fagio kudai mshahara wa miaka 46 iliyopita, kwa sababu karatasi zao zilipotea au hazikutunzwa popote. Ile miili yao ilikuwa ndiyo masjala. Na je, wale waliokufa 1930, 1950, ambao wajane wao hawakujua amri za Kijerumani?

Mapema mwaka ule wa 2016 batalioni ilikuwa inajiandaa kwenda kwenye zoezi kubwa la nyikani. Kabla ya kuondoka, kila askari hupitishwa kwenye meza moja baada ya nyingine: chanjo, meno, wosia, na meza yetu, ya DD 93 na fomu ya bima ya maisha. Lengo langu lilikuwa watu wote wapite kwa siku mbili ili slaidi iwe kijani. Binti aliziba njia. Foleni ilizunguka jengo. Maofisa wa kombania walinipigia simu, na mimi nikaenda kumnong'oneza aharakishe. Akaniambia, bila kuinua sauti, kwamba katika watu arobaini wa kwanza amewakuta kadhaa ambao fomu zao hazifanani na maisha yao.

Mmoja alikuwa fundi wa magari, kijana mcheshi. Alipojiunga na jeshi alikuwa amemwandika mchumba wake kuwa mnufaika wa bima. Uchumba ukavunjika. Akaoa mwingine, akapata mtoto. Fomu ikabaki na mchumba. Kila mwaka karani fulani, na mwaka mmoja karani huyo nilikuwa mimi, alimuuliza "Kuna mabadiliko?", naye akajibu "Hakuna", tukapiga tarehe mpya. Kijani. Binti hakumuuliza kama kuna mabadiliko. Alimsomea jina lililoandikwa, akauliza: "Huyu ni nani kwako?" Yule fundi alishika kichwa.

Bima ile wakati huo ilikuwa dola 400,000. Na sheria yake haina huruma: hulipwa aliyeandikwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaliamua hilo mwaka 1981 katika kesi ya Ridgway, sajenti aliyeamriwa na mahakama ya talaka aweke bima kwa ajili ya watoto wake, naye akaibadilisha imwendee mke wa pili. Watoto walishindwa. Jina kwenye fomu lilipita juu ya amri ya hakimu. Kuna na malipo ya rambirambi ya dola 100,000, nayo hufuata kile kilichoandikwa kwenye DD 93. Makarani wanafundishwa mambo haya, wanafaulu mitihani, kisha wanarudi kuangalia kama kuna saini na tarehe.

Kiangazi, siku ya Jumapili, fundi yule alikufa kwa ajali ya pikipiki.

Sitasimulia msiba wa watu. Ninachohitaji kusema ni kwamba mjane alilipwa, na alilipwa bila kugombana na mtu. Afisa aliyekuwa amepangiwa kumsaidia mjane alikuja mkutanoni wiki kadhaa baadaye, akamwambia kamanda kwamba kama si S-1 yake fedha zote zingekwenda kwa mwanamke aliyekuwa ameshaolewa na mtu mwingine jimbo jingine. Chumba kikawa kimya. Kamanda akanigeukia: "Nani alifanya hiyo?"

Binti hakuwapo chumbani. Hakuwa mtu wa mikutano, alikuwa mezani kwake na foleni yake. Kijana alikuwapo, amesimama kando ya projekta, kifaa cha kugeuzia slaidi mkononi. Jina la binti lilifika kwenye ulimi wangu, hilo naliapia. Nikalimeza, nikataja la kijana.

Mara nyingi nimejaribu kuipima ile sekunde. Sikuwa nimepanga. Kijana alikuwa pale, kamanda alikuwa anamjua, lingeeleweka bila maelezo. Kumtaja binti kungenilazimu nieleze foleni, na jinsi nilivyomwambia aharakishe, na labda mtu angeuliza fomu ya fundi ilipitishwa na nani mwaka uliotangulia. Na kile kinyongo kilikuwa pale pale, kimetulia kama paka jikoni. Yote hayo yalitosha katika sekunde moja.

Tukitoka, kijana alinifuata kwenye korido. "Sajenti, ile si yangu."

"Ofisi ni moja," nikamjibu. "Kazi ya ofisi ni ya ofisi."

Alikuwa na miaka 21. Alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa mzigo gizani, akanyamaza. Uongo wangu ulikuwa wangu, lakini ule wa kwake nilimfundisha mimi. Katika makosa yote haya, hili ndilo linalonirudia usiku.

Vuli ilipofika, brigedi ikataka kila batalioni ipeleke jina moja la askari bora wa utumishi wa mwaka. Zawadi ilikuwa medali ya pongezi, ile ambayo askari huiita ARCOM, ya kusainiwa na kamanda wa brigedi mwenyewe, kanali. Kamanda wetu hakuhitaji kuambiwa jina. Alikuwa nalo tangu siku ya mkutano. Kazi yangu ikawa kujaza fomu 638.

Fomu hiyo ina nafasi nne za kueleza mafanikio. Ya kwanza niliijaza kwa slaidi, na ilikuwa haki ya kijana. Ya tatu na ya nne nilizijaza kwa maneno yale tunayoyajua sote, ambayo ukiyabadilisha jina yanamfaa askari yeyote tangu Gates. Ya pili niliandika kuhusu ukaguzi wa hati za dharura za batalioni nzima, mtu kwa mtu, na familia iliyonusurika. Niliiandika vizuri sana. Chozi lilinitoka nikiiandika, Mungu ananiona, na bado jina la juu lilikuwa la mtu mwingine.

Hapa nisimame kidogo, maana nimekutana na watu wa utumishi, wa jeshini na wa uraiani, wa kwetu na wa huko, na wote wana slaidi zao. Ubora katika kazi yetu ni mgumu kuuona, kwa kuwa mara nyingi ni jambo ambalo halikutokea. Mjane ambaye hakwenda mahakamani. Mshahara ambao haukukatwa kimakosa. Sajenti ambaye hakurukwa cheo kwa sababu cheti chake cha kozi kiliingizwa mapema. Hakuna rangi ya ukutani ya mambo yasiyotokea. Rangi tulizokuwa nazo zilipima kama fomu imesainiwa kwa wakati, na fomu yenye jina la mchumba wa zamani, ikisainiwa kwa wakati, ni kijani safi. Nilijua hili kuliko kamanda. Yeye alikuwa na haki ya kuamini rangi, kwani hilo ndilo tulilompa. Mimi nilikuwa nimelipwa mshahara ili nijue kilicho nyuma yake.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Methali haisemi ni nani anayeshika pete.

Siku ya gwaride maelezo ya medali yalisomwa kwa sauti mbele ya batalioni nzima. Binti alikuwa mstari wa pili, wima, macho mbele. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo ningeweza kumwona usoni. Iliposomwa ile sehemu ya hati za dharura hakugeuka wala hakupepesa. Mchana nilimkuta ofisini. Akainua kichwa akasema, "Imeandikwa vizuri, Sajenti." Kisha akaniuliza kuhusu jalada la askari wa kombania ya pili lililokuwa linasubiri saini yangu tangu juzi.

Nilitaka kufidia. Ndiyo njia ya watu kama mimi, hatuungami, tunafidia. Nikaanza kumwandikia fomu 638 ya kwake, kwa medali ndogo zaidi, AAM, ambayo luteni kanali wetu angeweza kuiidhinisha mwenyewe kwa dakika moja. Nikafika kwenye mafanikio, nikasimama. Ningeandika nini? Kazi yake kubwa ya mwaka ilikuwa imeshaandikwa, kwa jina la mwingine, na fomu zote mbili zingepita mkononi mwa mtu yule yule. Sentensi zingefanana. Mtu angeuliza. Nikaihifadhi kwenye kompyuta, nikajiambia nitatafuta maneno mengine wiki ijayo.

Sasa elewa medali hizi zinaingiaje kwenye maisha ya mtu. Kwa speshalisti anayesubiri usajenti, medali ni pointi. Kulenga shabaha ni pointi, mazoezi ya viungo ni pointi, masomo ni pointi, jumla 800, na kila mwezi makao makuu ya utumishi kule Fort Knox, Kentucky, hutangaza kiwango cha kila fani. Ukikifikia, unavaa cheo. Usipokifikia, unasubiri mwezi ujao. ARCOM ni pointi 20. AAM ni pointi 10.

Kijana alivaa usajenti kabla ya mwaka kuisha. Binti alikosa kwa pointi saba. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na alikuwa ameniambia mapema kwamba akipata cheo ataongeza mkataba, asipopata atarudi kwao. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Mwezi uliofuata kiwango kilipanda. Fomu yangu ilikuwa bado kwenye kompyuta, nafasi ya pili iko wazi, inasubiri maneno.

Niliiona hati yake ya kuagwa, DD 214. Kisanduku cha 13 ndicho cha medali. Zake zilikuwa zile ambazo askari yeyote hupata kwa kuwa alikuwapo na hakuvunja sheria. Alinipa mkono, akakabidhi funguo za kabati la majalada na daftari aliloandika kwa mkono, lenye majina ya askari ambao alikuwa bado hajaridhika na fomu zao. Walikuwa kumi na wawili. Niliwaita wote wiki ile. Tisa fomu zao zilikuwa na kasoro.

Mama alifariki 2019, nami nikiwa hai na mzima, kwa hiyo hakuna afisa aliyewahi kupanda zile ngazi za mawe. Nilipokuwa natoka jeshini, 2021, nilichapishiwa jalada langu lote, na humo nikaikuta DD 93 ya zamani. Kituo cha mafuta, kanisa, ngazi, mwembe, bati jekundu, uliza Mama Fulani. Nilikaa nayo kwenye gari mpaka taa za maegesho zikawaka.

Wiki ile nilimwandikia kijana, ambaye siku hizi ni mkubwa wa ofisi kama niliyokuwa nayo. Alijibu siku hiyo hiyo. Alisema medali ile hajaivaa tangu siku ya gwaride, ipo kwenye sanduku la viatu, na kama ninahitaji maelezo yake kwa maandishi atayatoa hata yakimgharimu. Nilimwandikia na kamanda wa zamani, aliyestaafu, nikamweleza yote. Alichukua muda mrefu kujibu. Jibu lilikuwa mistari miwili, na sikustahili upole uliokuwamo.

Kanuni ina ukomo wa muda wa kupendekeza medali, na wetu ulishapita. Njia iliyobaki ni ombi la kuchelewa, linalopelekwa jeshini kupitia mbunge wa Bunge la Marekani. Nilijaza 638 upya. Nafasi ya pili niliinakili neno kwa neno kutoka fomu ya 2016, nikabadilisha jina. Nikaambatanisha maelezo ya kijana, ya kamanda, na ya kwangu, ambayo ni haya mnayosoma, kwa lugha nyingine na kwa majina kamili. Ofisi ya mbunge wa kwao haiwezi kugusa jalada la mtu bila idhini yake iliyosainiwa, basi nikamtumia binti bahasha nzima pamoja na fomu ya idhini.

Aliipokea, ninayo stakabadhi ya posta yenye saini yake. Fomu ya idhini hajairudisha. Mwaka wa kwanza nilimwandikia mara moja kuuliza, na sijamwandikia tena.